Pambizo za Kitabu cha Saba

Mume wangu alikuwa fundi saa, lakini saa ya ukutani kwetu imesimama tangu mtoto wetu wa pili anaota meno. Nalisema hili mapema ili msidhani namvisha mtu kilemba cha ukoka kwa sababu ni wangu. Kila nilipomkumbusha alinijibu kwamba ataitazama kesho, na kesho hiyo haijafika. Alivyovitazama leo, na kila leo, ni vitabu vyake.

Si vya dini wala vya sheria. Ni vitabu vya watoto. Mzee mwenye wajukuu, mvi mpaka kwenye nyusi, anakusanya hadithi za wanafunzi wanaokamata wezi. Utotoni mwetu kulikuwa na mfululizo uliopendwa sana, ukiitwa Kikosi cha Darini. Watoto watatu wanaishi na babu yao kipofu, na mikutano yao hufanyika darini, juu ya chumba cha babu. Wao wanazunguka mitaani kuchungulia, babu anawasikiliza na kuwauliza maswali, na mwisho mwizi anajulikana. Vilikuwa vyembamba, jalada gumu, kila kimoja na namba yake mgongoni na ufunguo mdogo wa manjano chini ya namba. Viliacha kuchapwa zamani. Aliye navyo leo ama hajui ana nini, ama anajua kupita kiasi.

Nami nimevisoma. Elimu yangu ni ya shule ya msingi na siioni haya, maana tulichofundishwa tulikishika. Nilivisoma nikisubiri chungu kichemke, nikamwambia mume wangu kwamba mtu yeyote anayewagawia watoto peremende kwenye sura ya pili afungwe pingu papo hapo, tuendelee na kazi zetu. Alinuna siku nzima. Kwake vitabu vile havikuwa jambo la mzaha.

Havikuwa mzaha kwa sababu ya dada yake. Wifi yangu alikuwa kitinda mimba, naye mume wangu ndiye aliyemtangulia. Mama yao alifua nguo za mwalimu mmoja wa kike, mjane asiye na mtoto, na mwalimu yule akawa anawaazima vitabu vya Kikosi kimoja kimoja, kwa masharti kwamba mikono ioshwe kwanza. Alipohama aliwaachia kimoja kiwe chao kabisa, cha saba, Nyayo Kwenye Chokaa, kinachohusu kengele ya shule iliyoibwa.

Kwao kusoma kulikuwa na taratibu kama za mahakamani. Kaka anashika kandili kwa mkono mmoja na kitabu kwa mwingine, anasoma kwa sauti. Kabla ya sura ya mwisho anafunga kitabu, na kila mmoja anamtaja mwizi wake. Kaka mara nyingi alipatia. Wifi yangu hakupatia hata mara moja. Yule mtoto hakuwa anatafuta mwizi, alikuwa anatafuta wa kumtetea. Mtu akishukiwa na watu wote kitabuni, yeye anaapa kwamba si yeye, hata kama kashikwa na kengele mkononi. Kaka yake akambandika jina la Wakili, na jina likamganda mpaka akaolewa nalo.

Kitabu cha saba, kwa kuwa kilikuwa chao, walikisoma mpaka uzi wa mgongoni ukalegea. Jibu walilijua kwa moyo. Wakili hakulikubali. Kila wakisoma alichukua kijipande chake cha penseli akaandika kwenye pambizo, ile nafasi nyeupe ya kando ya maneno, akibishana na mwandishi aliyemtia hatiani karani wa shule. Karani hakuiba. Karani alikuwa na mgonjwa nyumbani. Muulizeni vizuri. Pambizo za kurasa za mwisho zilijaa mwandiko wake juu, chini na ubavuni. Hayo machache nayajua kwa sababu mimi mwenyewe niliyasoma nilipoolewa katika nyumba ile, nikacheka mpaka mama mkwe akaja kuuliza kulikoni.

Nyuma ya jalada palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la ncha ya pasi. Wakili alikuwa akisoma huku anapiga pasi, akasahau kipi ni nguo na kipi ni kitabu. Mama yao alipoiona, kaka akasema ni yeye, akala fimbo zilizokuwa za dadake. Siku zile kitabu kilikuwa mali ya nyumba nzima, si cha kuchezewa.

Basi wakakua. Wakili aliolewa mji mwingine, mwendo wa basi kutoka asubuhi hadi alasiri. Kaka akabaki na kitabu, akajifunza ufundi saa, akapata kibanda chini ya ngazi za jengo moja la maduka, meza ndogo, taa ya shingo ndefu, na ile lenzi anayoikaza kwenye jicho. Hapo ndipo ugonjwa wa kukusanya ulipomwingia. Alianza na viwili vitatu kutoka maktaba za shule zilizokuwa zinatupa vitabu vya zamani, kisha akawa hapiti penye meza ya vitabu bila kuinama kutafuta ufunguo wa manjano.

Mpenda vitabu na mkusanyaji si mtu mmoja, jamani, nilikuja kulijua hilo taratibu. Mpenda vitabu anauliza kuna nini ndani. Mkusanyaji anapiga jicho kona za jalada. Mume wangu alivishughulikia kama saa za wateja. Vumbi alilitoa kwa brashi, kurasa zilizoshikana akazitenganisha kwa kibano, na alama za penseli akazifuta kwa kifutio laini, akipulizia kidogo kidogo kama anapoza uji wa mtoto. Alijiwekea kanuni kwamba kila namba ikae moja tu, tena iliyo safi kuliko zote. Akipata nzuri zaidi, ile ya zamani inaondoka. Rafu ya nyumba yetu ikawa safu moja ya migongo iliyonyooka, na wajukuu wakakatazwa kuigusa. Nikamwuliza, vitabu vya watoto visivyoguswa na mtoto ni vya nani. Akasema sielewi. Nikamwambia naelewa vizuri sana, ila sikubaliani, na hayo ni mambo mawili.

Mwenzake katika ugonjwa huu alikuwa muuza vitabu vilivyotumika, mwenye meza pale njiani mbele ya benki. Watu walimwita Profesa kwa sababu ya miwani yake, ijapokuwa ilikuwa na kioo upande mmoja tu. Mume wangu ndiye aliyemfundisha kusafisha. Alimwambia kitabu kilichochorwa ni sawa na saa iliyoingia maji, hakiheshimiki. Alimfundisha kufuta penseli bila kuchubua karatasi, kisha kubana kitabu chini ya uzito mpaka kurasa zinyooke na mkandamizo wa maandishi upotee. Profesa alikuwa mwanafunzi mzuri. Hilo nampa.

Siku moja mume wangu akaja nyumbani uso umemwiva kwa furaha. Amepata Nyayo Kwenye Chokaa yenye karatasi yake ya juu ya kufunikia jalada, haijakunjwa hata kona. Kesho yake nikamwona anafunga kile cha pasi kwenye gazeti. Profesa alikuwa na namba kumi na tisa, ambayo mume wangu aliitafuta ujana wake wote, na alikuwa tayari kubadilishana.

"Hicho si cha kwenu?" nikamwuliza. "Si ndicho chenye kesi za wifi?"

"Mke wangu, siwezi kukaa na saba mbili."

"Basi toa hiyo mpya."

Alinitazama kama nimemwambia atoe jicho. Akatoka na gazeti lake kwapani, akarudi na namba kumi na tisa, akaiweka mahali pake, akasimama kuitazama safu. Imekamilika, akasema. Nami nikaenda kuangalia jiko langu.

Miaka ikapita, mimi na yeye tukawa watu wa kula chumvi. Kisha mpwa wake, binti wa Wakili, akapiga simu. Mama ameanza kupotewa, akasema. Anamwita yeye kwa jina la marehemu bibi. Anatoka nje kutafuta kamba ya kuanikia iliyokuwa kwenye nyumba ya utotoni. Ila kuna kitu kimoja hakisahau, kila siku anauliza kitabu chake cha nyayo kiko wapi. Muuguzi anayemtazama alisema kitu cha zamani mkononi huwatuliza watu wa namna hiyo. Binti akauliza, mjomba, si unacho?

Mjomba akasema anacho.

Tulikwenda wote wawili. Wifi alikuwa kitini karibu na dirisha, mwembamba, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, macho yale yale ya kubisha. Alipomwona kaka yake alifurahi waziwazi, akamwuliza mbona amezeeka hivi, hana mke wa kumtunza? Nikamwambia mke yupo, wifi, ila mali yenyewe ililetwa ikiwa mbovu. Tukacheka sote. Siku hiyo alikuwa bado wetu.

Mume wangu akampa ile namba saba safi. Wifi akaigeuza, akaipapasa mgongoni, akaifungua nyuma moja kwa moja, kwenye sura ya mwisho. Akafungua ukurasa mmoja, akafungua wa pili. Kisha akaifunga na kuirudisha kwa kaka yake kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani isiyo yake.

"Hiki si changu. Changu kina maneno yangu." Akamtazama. "Kaka, umekiuza?"

Ilikuwa nafasi yake. Nilimkanyaga mguu. Lakini mume wangu akasema hapana, kiko nyumbani, amechukua kingine kwa makosa, atakileta. Wifi akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Akasema atakisubiri, maana kuna jambo aliliandika mle anataka kulisoma tena, limemtoka kichwani.

Njiani, mtu mwingine ungemkaripia, lakini mume wangu alikuwa amejikunyata dirishani kama mtoto aliyesahau kazi ya shule.

Profesa alikumbuka vizuri. Alikiuza kwa daktari wa meno, aliyetaka vitabu vya kuwashughulisha watoto wanaosubiri kwa woga. Yupi, hakujua, ila alikuwa mrefu. Basi mume wangu, ambaye maisha yake yote aliwasoma watu wakifuata nyayo, akaanza kufuata zake mwenyewe. Alizunguka kliniki za meno, akikaa kwenye mabenchi pamoja na mashavu yaliyovimba, akipekua vikapu vya vitabu. Zamani angefanya kazi hiyo kwa siku chache. Lakini magoti yalikuwa yamechoka, mvua zikaingia, kisha akashikwa na kifua, na miezi ikateleza.

Alikipata. Kilikuwa mikononi mwa msichana mdogo aliyekuwa akisoma huku ameshikilia shavu. Alingoja mpaka msichana akaitwa ndani, akakichukua, akakigeuza. Ncha ya pasi ilikuwa pale pale. Akafungua sura ya mwisho.

Pambizo zilikuwa nyeupe.

Anasema alibaki amekaa vile vile, na mpokea wagonjwa akamwona, akamwambia mzee apite mbele ya foleni, maana anaonekana ana maumivu makali. Daktari alimpa kitabu bila ubishi alipoahidiwa ile saba safi badala yake. Akakisifia pia. Alisema alikinunua kwa vile hakikuwa na alama hata moja ndani.

Kutoka hapo alikwenda kwa Profesa, nami nilikuwepo, kwa kuwa nilikuwa nimepita kununua uzi. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu kama ni yeye aliyekifuta. Profesa akavua miwani yake ya kioo kimoja.

"Fundi, si wewe uliyenifundisha?"

Hakusema kwa kebehi. Alisema kama mwanafunzi anayengoja alama zake.

Nyumbani tulikilaza kitabu mezani chini ya taa ya kibandani, tukaiinamisha imulike kwa ubavu, kama babu kipofu anavyowaelekeza watoto katika kitabu cha kumi na moja, ili mkandamizo wa penseli utupe kivuli. Mume wangu akakaza lenzi jichoni. Wakili alikuwa akiandika kwa nguvu kama anachonga mti. Lakini Profesa alikuwa amekibana vizuri, kama alivyofundishwa, na karatasi ilikuwa laini kama uso wa mtoto. Mwisho akaona kitu kwenye kona, akasema ni herufi ya K. Nikatazama. Nikasema huenda ni H. Tukaiacha.

Akachukua penseli. Nilijua anachofikiria, nami sikumzuia. Angeandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kitoto, dada yake hangejua. Nilimpa yale ya karani na mgonjwa wake, niliyoyakumbuka. Akaniuliza mengine. Nikamwambia mengine ayatoe yeye, si ndiye aliyeshika kandili? Akakaa na ile penseli mpaka chai yake ikapoa.

"Sikuwahi kuyasoma," akasema. "Nilikuwa nasoma yaliyochapwa. Yeye akiandika, mimi nilikuwa natazama utambi."

Akairudisha penseli kwenye kopo lake.

Tulipofika kwa wifi mara ya pili, binti alitupokea mlangoni akatuonya. Mama amezidi. Tusihuzunike. Tukaingia. Alikuwa kwenye kiti kile kile, kitambaa kile kile. Alitusalimia vizuri, akatukaribisha, akamwuliza mume wangu ametoka mbali, mzee? Mzee. Kwa namna unavyomwambia fundi aliyekuja kutazama bomba.

Mume wangu akampa kitabu. Vidole vya wifi vilikwenda vyenyewe mpaka nyuma ya jalada, vikaikuta ncha ya pasi, vikatulia hapo. Uso ukamchanua. Hiki ndicho, akasema. Hiki ndicho changu. Akakinusa. Akafungua sura ya mwisho, na mimi nikatazama chini, kwa sababu nimeona mengi lakini lile sikutaka kuliona.

"Nani kafuta maneno yangu?"

Binti akasema labda ni uzee wa karatasi, mama. Wifi akasema karatasi haizeeki pambizoni peke yake. Bado alikuwa wakili. Mume wangu akasogeza kiti chake mbele, magoti yao karibu yagusane.

"Ni mimi, Wakili. Mimi kaka yako. Nilikitoa nikijua maneno yako yatafutwa, na kufuta nilifundisha mimi."

Wifi akamtazama muda mrefu, kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyeteleza ulimi.

"Mzee," akasema, "usimsingizie kaka yangu. Kaka yangu alipigwa kwa ajili ya kitabu hiki. Huyo ndiye aliyekuwa ananishikia taa."

"Ni mimi niliyekushikia taa."

"Basi ungejua kwamba si yeye."

Wifi akamgeukia binti yake akaomba penseli. Ikatafutwa nyumba nzima, ikapatikana ya mjukuu, ndefu, imechongwa vizuri. Akakiweka kitabu mapajani, akainama, akaandika kwenye pambizo nyeupe polepole, akikandamiza mpaka mishipa ya mkono ikasimama. Alipomaliza alikifunga, akakikumbatia, akatuuliza kama tumepewa chai.

Hatukukichukua. Kilibaki naye mpaka mwisho wake, ambao haukukawia. Baada ya matanga binti akatupa, akisema mama hakukitoa mkononi. Siku hizi kiko kwenye rafu yetu, mahali pa ile saba safi, pamoja na alama yake ya pasi. Wajukuu wana ruhusa ya kuvishika vyote. Mume wangu hafuti tena kitu, hata vumbi naondoa mimi.

Mimi ndiye niliyefungua kwanza kuona alichoandika, kwa kuwa yeye alikataa. Herufi zilikuwa zimepinda kila upande, lakini zilisomeka bila lenzi. Si kaka. Basi, hayo tu.

Nikampelekea alipokuwa amekaa. Alisoma, akapitisha kidole chini ya maneno mara moja, kwa uangalifu, asije akayachafua. Kisha akaniambia kwamba yule mtoto hakupatia hata mara moja.